Nikimaliza kazi mapema naongezewa kazi, anayekesha ofisini anasifiwa. Nipunguze kasi?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mhasibu katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Tuko wahasibu wawili, mshahara sawa, na wateja tumegawana nusu kwa nusu. Mwaka jana nilitengeneza faili la Excel linalolinganisha ankara zetu na taarifa za benki, na kazi iliyokuwa ikinila wiki nzima ya kufunga mwezi sasa naimaliza kwa siku mbili. Mwenzangu bado analinganisha mstari kwa mstari. Anaondoka saa mbili usiku na Jumamosi unamkuta. Kwenye kikao cha kufunga mwaka bosi alimsimamisha mbele ya watu, akasema huyu ndiye anayejituma, akampa bahasha. Mimi nikaongezewa baadhi ya wateja wake kwa sababu naonekana nina nafasi. Hilo faili sijamwambia mtu. Je, nipunguze kasi? Au nimwambie bosi? Naogopa akijua kazi ni ya siku mbili atasema hahitaji wahasibu wawili.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na jibu, sababu zitafuata. Usipunguze kasi, na hilo faili usiendelee kulificha. Lakini pia usiende kesho asubuhi kumfungulia bosi kompyuta kabla hujajua unataka nini. Siku tatu unazookoa kila mwezi zina thamani, na ukishazitoa bure ni vigumu sana kurudi baadaye kuzidai.

Tumwelewe kwanza bosi wako, maana kwa maelezo yako sioni kama ni mtu mbaya. Kazi ya mhasibu mzuri ikienda sawa, hakuna kinachotokea. Kodi ya mishahara imelipwa kabla ya tarehe 7, ritani ya VAT imeingia kabla ya tarehe 20, mteja hajapiga simu kufoka kwamba ametozwa mara mbili, mkaguzi amekuja na kuondoka. Mwenye kampuni ya forodha anajua meli, makontena na foleni ya bandarini. Akiona kontena limetoka siku ya tatu anajua hiyo ni kazi nzuri. Akiona hesabu zimefungwa siku ya pili hana cha kulinganishia, kwa hiyo anatumia anachokiona kukadiria asichokiona: nani yupo ofisini, nani anaonekana amechoka, taa ya nani inawaka usiku.

Tabia hii imepimwa. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Justin Kruger na wenzake huko Marekani waliwapa watu shairi moja walisome. Baadhi waliambiwa mshairi alitumia saa 4 kuliandika, wengine wakaambiwa saa 18. Shairi ni lilelile, lakini walioambiwa saa 18 walilisifu zaidi na kulipangia bei kubwa zaidi. Watafiti wakaona pia kwamba jambo hili huzidi pale ambapo ubora wa kitu wenyewe hauonekani vizuri. Hapo ndipo ilipo kesi yako. Bosi wako anathamini saa za mwenzako kwa sababu hajawahi kupewa kipimo kingine.

Kuna utafiti mwingine ambao ningependa uuzingatie zaidi, kwa sababu unahusu namna ya kulizungumza jambo hili. Erin Reid, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Boston, alichunguza kampuni moja kubwa ya ushauri wa biashara nchini Marekani ambako mfanyakazi bora alitarajiwa kuwa kazini karibu saa zote. Alichapisha matokeo mwaka 2015. Aligundua kwamba baadhi ya wanaume walikuwa wamepunguza saa zao kimyakimya. Walichagua wateja wa karibu na nyumbani, wakapanga ratiba zao wenyewe, hawakumtangazia mtu. Mabosi hawakuweza kuwatofautisha na wale waliokesha kweli, wakawapa alama nzuri vilevile. Lakini waliokwenda rasmi kuomba kupunguziwa saa waliadhibiwa katika tathmini. Kazi waliyotoa haikuwa na tatizo. Waliadhibiwa kwa kuomba.

Sikwambii hili ili nawe ujifiche kama hao wa kundi la kwanza. Kujificha kunakuweka mahali pabaya: siku faili likigundulika, itaonekana ulikuwa unaficha kitu, na kwa mhasibu sifa ya kuficha kitu ni sumu. Ninachotaka ulione ni mlango wa kuingilia. Ukiingia kwa kusema kazi yangu inaisha mapema, bosi atasikia mtu anayetaka kufanya kazi kidogo. Ukiingia na matokeo, mazungumzo yanaanzia pengine kabisa.

Sasa hofu yako ya kuongezewa kazi. Hiyo si uvivu na wala si choyo. Ina historia ndefu viwandani. Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani, alianza kazi Midvale Steel, kiwanda cha chuma cha Philadelphia, mwaka 1878, akapanda hadi kuwa msimamizi wa mafundi waliolipwa kwa idadi ya vipande. Aliyoyaona pale aliyaandika baadaye kwa uchungu. Fundi akiongeza kasi na kupata pesa nzuri, mwenye kiwanda anaona analipa mno, anapunguza bei ya kipande. Fundi sasa anafanya kazi kubwa zaidi kwa pesa ileile ya zamani. Haikuwachukua mafundi muda mrefu kulielewa somo. Walikubaliana kiwango kisichovukwa, na kijana mgeni aliyetaka kukivuka alionywa na wenzake. Taylor mwenyewe alipambana na mafundi wake kwa karibu miaka mitatu.

Watu husoma habari hizo wakadhani tatizo lilikuwa mafundi. Tatizo lilikuwa mwenye kiwanda ambaye neno lake halikuaminika. Ukimnyang'anya mtu faida ya wepesi wake mara moja, umewafundisha wote wanaotazama kwamba wepesi ni hasara. Ofisini kwenu somo hilo limeshatolewa: wewe umeongezewa wateja bila hata shilingi, mwenzako amepewa bahasha. Kama kuna kijana wa mapokezi anayejua kutengeneza faili kama lako, ameshaona na ameshaamua.

Lakini kuna waliofanya vizuri, na kisa kimoja nakipenda kwa sababu kiliandikwa kwa makini. Safelite Glass ni kampuni ya Marekani inayobadilisha vioo vya magari. Katika miaka ya 1994 na 1995 iliacha kuwalipa mafundi kwa saa, ikaanza kuwalipa kwa kila kioo kilichofungwa. Mwanauchumi Edward Lazear alifuatilia rekodi za maelfu ya mafundi wao na kukuta kazi kwa kila fundi imepanda kwa asilimia 44. Karibu nusu ya ongezeko hilo ilitokana na mafundi walewale kuongeza tija. Kiasi kingine kikubwa kilitokana na kampuni kuanza kuvutia na kubakiza mafundi wepesi, waliokuwa hawana sababu ya kukaa mahali wanapolipwa sawa na mzembe. Malipo ya mafundi nayo yalipanda kwa takriban asilimia 10. Faida iligawanywa, ingawa kampuni ilichukua sehemu kubwa.

Kuna mambo mawili katika mpango ule ambayo watu wakisimulia huyasahau. La kwanza, kulikuwa na kima cha chini kilichohakikishwa, hivyo siku ambayo wateja hawakuja fundi hakurudi nyumbani mikono mitupu. La pili, fundi aliyefunga kioo vibaya alirudi kukifunga upya kwa muda wake mwenyewe. Bila hilo la pili kila mmoja angekimbilia idadi, na vioo vingevuja. Kwako wewe maana yake ni hii: usimpelekee bosi kasi peke yake. Kasi bila usahihi haina thamani katika hesabu, na bosi mwenye akili atauliza hilo mara moja.

Hapa kwetu mada hii tuliijua kabla ya tafiti hizo. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipoeleza masharti ya maendeleo, lilitaja juhudi kisha likataja maarifa, na likasema wazi kwamba juhudi isiyo na maarifa haiwezi kuzaa sawa na hizo mbili zikiwa pamoja. Mifano yake ni ya shambani: plau ya kukokotwa na ng'ombe badala ya jembe la mkono, mbolea, kujua zao linalofaa na wakati wa kulipanda. Na ni Azimio hilohilo lililokiri kwamba wanawake wa vijijini wakati mwingine wanafanya kazi saa 12 au 14 kwa siku. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haki ya kuwaambia wale mama waongeze juhudi. Walichokosa ni plau. Inaniuma kwamba ofisi zetu nyingi zimebaki na nusu moja ya fundisho hilo. Anayejituma anasimamishwa kwenye kikao. Aliyeleta plau anapewa shamba la jirani alime pia.

Serikalini walijaribu kulirekebisha hili. OPRAS, utaratibu wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, ilianza mwaka 2004 kwa wazo zuri kabisa, kwamba mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo mwanzoni mwa mwaka na tathmini ifuate malengo hayo. Kilio kikubwa kilikuwa kwamba mahali pengi fomu zilijazwa kwa kutimiza wajibu tu, na sasa nafasi yake imechukuliwa na mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Naona wazo lenyewe lilikuwa sahihi na bado ni sahihi. Wewe unaweza kulitumia hata katika kampuni ya watu kumi na wawili bila mfumo wowote, kwa ukurasa mmoja wa karatasi.

Kabla ya karatasi, neno kuhusu saa za mwenzako, maana hapo kuna jambo ambalo bosi wako pengine hajalipigia hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku. Zinazozidi hapo ni za makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, na zinalipwa angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Wanaosamehewa ni wale wanaosimamia wenzao na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu, na mhasibu wa kawaida si mmoja wao. Kama mwenzako halipwi, kampuni ina deni linalokua kila Jumamosi. Kama analipwa, basi kampuni inanunua kazi ileile kwa bei kubwa zaidi kutoka kwa anayeichelewesha, kisha inampa na bahasha.

Hata hizo saa zenyewe hazizai wanachodhani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Uingereza iliunda kamati iliyokusanya rekodi za wafanyakazi wa viwanda vya risasi na mizinga, wengi wao wanawake. Mwanauchumi John Pencavel wa Chuo Kikuu cha Stanford alizichambua upya mwaka 2014. Hadi kama saa 49 kwa wiki, kila saa iliyoongezwa ilileta kazi ya kutosha. Baada ya hapo mavuno yalipungua, na aliyefanya saa 70 alitoa karibu sawa na aliyefanya 56. Saa 14 zilipotea, na hapo ni kazi ya mikono. Mhasibu anayelinganisha tarakimu saa moja na nusu usiku, baada ya kutwa nzima, atakosea, na kosa hilo atalitafuta kesho yake.

Pamoja na hayo, nakuomba umtazame mwenzako kwa haki. Mnasema mmegawana wateja nusu kwa nusu, lakini wateja hawafanani. Je, wake ni wale wanaolipa kwa vipande vipande kupitia simu, bila namba ya kumbukumbu? Je, ni yeye anayepokea madereva wanaodai posho za safari, na mawakala wa meli wanaopiga simu jioni? Wakati mwingine mtu anakuwa mwepesi kwa sababu usumbufu umeangukia meza ya jirani. Kama ndivyo, wepesi wako una sehemu ambayo analipia yeye. Kama sivyo, bado utamhitaji: mpango ninaokupendekezea unafanikiwa zaidi akiwa upande wako. Na juhudi yake si ya kudharauliwa. Mtu anayekubali kubaki hadi usiku ili kazi iishe ni mtu ambaye, akipata nyenzo, atakuwa hazina.

Sasa ufanye nini. Chukua miezi mitatu iliyopita na uandike kwa kila mwezi siku uliyofunga hesabu, idadi ya miamala uliyolinganisha, makosa yaliyogunduliwa baadaye, na faini au riba iliyotozwa na TRA kwa wateja wako, ambayo natumaini ni sifuri. Andika na hali ilivyokuwa kabla ya faili. Usiandike ya mwenzako. Bosi atayauliza mwenyewe.

Kisha fikiria siku tatu ulizookoa zifanye nini, kwa sababu hapo ndipo jibu la hofu yako ya kupunguzwa kazi lilipo. Kampuni za forodha nyingi hazipotezi pesa kwenye usuluhisho wa benki, yaani huko kulinganisha hesabu na taarifa za benki. Zinapoteza kwenye storeji na demareji (tozo za mzigo kukaa bandarini na za kontena kuchelewa) zilizolipwa kwa niaba ya mteja, ambazo stakabadhi yake ilibaki mfukoni mwa kijana wa bandarini na haikuingia kwenye ankara. Zinapoteza kwa wadaiwa ambao siku 90 zimepita hawajalipa na hakuna anayewafuatilia. Chagua moja, ufanyie kazi mwezi huu, ujue ni shilingi ngapi. Mhasibu anayesema nimefunga hesabu siku ya pili na siku tatu zilizobaki nimerudisha gharama hizi ambazo tulikuwa hatujamtoza mteja, hakuna mwenye kampuni atakayemtafutia barua ya kumwachisha. Na hata angetaka, sheria haimruhusu kusema tu siwahitaji wawili. Kabla ya kupunguza wafanyakazi ni lazima atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane nanyi au na chama chenu kuhusu njia za kuliepuka jambo hilo na namna ya kuwachagua wanaoondoka. Inakuwa mchakato, na ni mchakato ambao mhasibu aliyeleta pesa haogopi.

Ndipo umwombe bosi nusu saa. Chagua wakati kabla bajeti ya mwaka haijafungwa, na isiwe wiki ya VAT. Mpe karatasi kwanza aisome, faili baadaye. Mwambie: nimepata njia ya kufunga hesabu kwa siku mbili bila makosa, naweza kuiweka kwa idara nzima na kumfundisha mwenzangu ndani ya miezi miwili, na muda utakaopatikana tuuelekeze kwenye madai na gharama za bandarini. Kisha unyamaze umsikilize. Akivutiwa, taja ombi lako hapohapo. Ningekuwa wewe ningetaja vitu viwili vinavyoweza kuandikwa: nafasi ya mhasibu mwandamizi na marekebisho ya mshahara, au kampuni ikulipie ada za mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, kama hujamaliza CPA, ile sifa ya juu ya uhasibu. Usiombe kuondoka mapema. Hilo litakuja lenyewe akishazoea kukupima kwa matokeo.

Omba pia mkubaliane vipimo vya miezi sita ijayo, na umtumie barua pepe jioni hiyohiyo yenye mliyokubaliana. Barua hiyo ndiyo kinga yako dhidi ya kilichowapata mafundi wa Midvale. Siku akikuletea wateja wengine huhitaji kukataa wala kununa. Unafungua ile barua na kuuliza kwa heshima: bosi, nikiwachukua hawa, kati ya haya tuliyokubaliana lipi lisogee mbele, na ombi langu la mshahara limefikia wapi?

Jambo moja la tahadhari. Faili ulilitengeneza kazini kwa data za kampuni, kwa hiyo usije ukalitumia kama kitisho, kwamba usipolipwa utalifuta au utaweka nywila. Hapo utapoteza haki yako yote kwa siku moja. Andika maelekezo ya namna linavyofanya kazi, kurasa mbili tatu, na uyahifadhi pamoja nalo. Kampuni itabaki na faili. Ujuzi wa kutengeneza jingine unatoka nao mlangoni.

Inawezekana bosi akasoma karatasi yako, akaitikia kwa kichwa, akasema asante, na kisha likapita bila chochote. Mpe hadi bajeti inayofuata, umkumbushe mara moja kwa maandishi. Akikaa kimya tena, anza kutafuta. Huo ukurasa wako, wenye siku za kufunga, makosa, na shilingi ulizorudisha, ondoa majina ya wateja na siri za kampuni, uubebe kwenye usaili. Waajiri wa Dar es Salaam wanaoajiri wahasibu wanapokea wasifu nyingi zinazosema mwombaji anajituma. Zinazoonyesha tarehe na kiasi ni chache sana.